Aliyeosha Moshi

Kwa miaka kumi na tisa, hakuna chombo kilichotoka mikononi mwa Tabby kikiwa na doa. Chuo kizima hapa Nyeri kilijua hivyo. Wahadhiri walikuja na kwenda, wakuu wa idara wakabadilishwa kama mapazia, lakini maabara ya sayansi ya vyakula ilibaki ya Tabby, na juu ya kila sinki palibandikwa karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: OSHA KWANZA, ULIZA BAADAYE. Mwanafunzi aliyeacha chupa chafu mezani alifuatwa hadi bwenini. Wengine walimwogopa kuliko mitihani.

Hakuwa mkali wa bure. Alizaliwa Kangema, kule kwenye majani chai, kwa mama aliyeamini kwamba chombo cha mtu kikiingia nyumbani kwako lazima kirudi kwa mwenyewe kikiwa safi kuliko kilivyokuja, na tena kisirudi kitupu. Tia ndizi mbili, tia unga, tia chochote ulicho nacho, ila usimrudishie mtu chombo kikavu ukajiita mtu mzima. Tabby alikulia katika sheria hiyo, akaolewa nayo hadi Ruring'u, na akaja nayo kazini.

Ndiyo sababu Kafia alipoingia maabarani na maswali yake, Tabby alimpokea vizuri. Kafia alikuwa wa mwaka wa tatu, msichana wa Nanyuki, wa familia ya Kisomali inayouza mifugo na maziwa. Alivaa hijabu nadhifu na aliosha chupa zake bila kukumbushwa. Tabby angemzaa mwenyewe kama angepewa nafasi.

Kafia alikuwa mmoja wa wanafunzi sita wa Daktari Barnabas. Huyu Barnabas alikuwa mtu wa Kakamega, mwenye sauti kubwa na viatu visivyojua rangi, na alikuwa na imani moja iliyowachosha wenzake: kwamba mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kufanya utafiti wake mwenyewe badala ya kunakili wa wengine. Wenzake walimcheka. Hao watoto, walisema, hata chai bado wanaiunguza. Barnabas hakuchoka. Aliisumbua kamati ya idara hadi ikamkubalia wanafunzi sita kila mwaka, kila mmoja na swali lake. Sharti lilikuwa moja: asiye na majibu ya kueleweka kufikia Siku ya Utafiti, swali lake linafutwa na anarudi kuandika insha ya maktaba kama wengine.

Swali la Kafia lilitoka nyumbani. Nyanya yake, Hibo, aliyemwita ayeeyo kama Wasomali waitavyo bibi, aliuza maziwa ya ngamia Nanyuki. Maziwa yake yalikaa siku tatu bila jokofu, ilhali ya jirani yake aliyetumia mtungi wa plastiki yaliganda kesho yake. Ukimuuliza Hibo sababu, alijibu neno moja: moshi. Kila alfajiri alichukua kijiti cha mutamaiyo, ule mzeituni wa porini, kilichoshika moto, akakiingiza ndani ya dhiili, yaani chombo cha maziwa kinachosukwa kwa mizizi, akakizungusha, akafunika moshi ukae. Dhiili zake zilikuwa nyeusi ndani kama dari la jiko la kuni.

Profesa Kihara, mwenyekiti wa kamati, alimsikiliza Kafia siku ya kwanza akamwuliza jambo moja tu. "Unajuaje ni moshi? Labda ni chombo chenyewe. Niletee chombo hicho hicho kisicho na moshi, ndipo tuzungumze."

Kafia alienda akamwomba nyanya yake. Hibo alimtazama kama mtu aliyeombwa kumkata ng'ombe mkia ili aone kama atalia. Dhiili hufukizwa tangu siku inapomalizwa kusukwa, alisema, na hakuna mwanamke mwenye akili timamu atakayeiosha ikaisha moshi. Akampa nne zilizofukizwa, tena kwa shingo upande. Kafia akaamua kuzilinganisha na mitungi ya plastiki na kuomba Profesa Kihara asahau. Lakini Profesa Kihara hakuwa mtu wa kusahau, isipokuwa labda siku ya kuzaliwa ya mkewe.

Haya yote Tabby hakuyajua. Mafundi wa maabara hawaitwi kwenye vikao vya kamati. Wao huambiwa, "Madam, andaa vyombo," nao huandaa.

Basi Alhamisi moja, siku kumi na tisa kabla ya Siku ya Utafiti, Kafia aliacha sanduku maabarani akakimbilia darasani. Juu yake aliandika: VYOMBO VYA KAFIA, JARIBIO LA KESHO. Tabby alilifungua apate kupanga meza. Akatoa dhiili ya kwanza, akaingiza kidole, kikatoka cheusi. Akanusa. Akatikisa kichwa.

"Maskini mtoto," alisema peke yake. "Ati wamempatia vyombo za jikoni, hata hazijasuguliwa!"

Akakunja mikono ya koti lake jeupe. Alipasha maji moto, akatia sabuni, akaloweka, akachukua brashi ya shingo ndefu na kuzisugua moja moja. Maji yalitoka meusi, akamwaga, akarudia. Mara ya tatu akatia dawa ya klorini kidogo ili aue kila kijidudu. Kazi ilimchukua saa mbili nzima, na alikuwa akiimba nyimbo za kanisani muda wote, kwa sababu hakuna furaha aliyoijua Tabby iliyoshinda ile ya kuona maji meusi yakigeuka meupe. Alipomaliza alizipanga dirishani jua lizikaushe. Ziling'aa rangi ya mizizi kama zimesukwa jana.

Ijumaa asubuhi Kafia aliingia amekumbatia kopo kubwa la maziwa kutoka Nanyuki. Tabby alikuwa amesimama kando ya meza, mikono nyuma, akingoja kushukuriwa.

"Madam, vyombo vyangu viko wapi?"

"Si ndio hizo hapo! Nilikuoshea. Hata hukuhitaji kuniambia."

Kafia aliweka maziwa chini. Akainua dhiili ya kwanza akainusa. Akainusa ya pili, na ya tatu, na ya nne. Kisha akavuta kigoda akaketi.

"Uliosha na nini?"

"Sabuni, maji moto, na klorini kidogo. Zilikuwa chafu sana, mummy. Weusi mtupu!"

"Madam," Kafia alisema polepole, "huo weusi ndio utafiti wangu."

Tabby hakuelewa mara moja. Ilibidi aeleweshwe. Alizitazama zile dhiili nne safi na, kwa mara ya kwanza maishani, usafi ulimtia aibu. Kafia hakumkemea wala hakulia, na hilo lilimwumiza Tabby zaidi, maana angetukanwa angalau angejua pa kushika.

Daktari Barnabas aliitwa. Alizunguka meza mara mbili. "Tutaomba zingine," alisema hatimaye.

"Hizi zenyewe ayeeyo alinipa kwa shida, Daktari. Amebaki na tano, na ndizo anauzia. Halafu hata sijui nitamwambia nini."

"Hautamwambia," Tabby alisema. "Mimi ndio niliharibu, mimi ndio nitamwambia."

Barnabas alifunga mlango na kushusha sauti yake, kazi isiyo rahisi kwake. "Sawa. Lakini jambo hili liishie hapa. Kamati ikisikia, itasema ndiyo maana watoto hawapaswi kupewa maabara. Na wewe, Madam Tabby, unajua barua za onyo zinavyoandikwa humu."

Tabby alijua. Alikuwa amebakiza miaka minne astaafu, na faili lake lilikuwa safi kama vyombo vyake.

Jumamosi walikuwa Nanyuki, Tabby na Kafia. Hibo aliketi nyuma ya soko, kwenye safu ya kina mama wa maziwa, mwanamke mwembamba wa macho makali na vidole vyenye hina. Tabby alikuwa amelala vibaya akijiuliza maswali mengi, ila moja hakujiuliza: kama atarudisha vyombo vitupu. Hilo halikuwezekana. Dhiili moja alitia sukari, ya pili maharagwe, ya tatu unga, na ya nne akaijaza majani chai mazuri ya Kangema.

Alisimama mbele ya yule mama mzee akaeleza kila kitu, tangu kidole cheusi hadi klorini. Kiswahili chake kilikwama njiani mara tatu. Hibo alisikiliza hadi mwisho. Akachukua dhiili ya kwanza akaigeuza mikononi.

"Hii alisuka mama yangu," alisema. "Moshi yake ni kubwa kuliko huyu Kafia."

Tabby alishindwa kujizuia. Alilia pale sokoni, mbele ya wateja, mwanamke wa miaka hamsini na sita mwenye vazi la kanisani. "Nisamehe, shosho," alisema, akimwita bibi kwa Kikuyu. "Nilidhani nasaidia mtoto."

Hibo alifungua dhiili ya nne. Akachungulia. Akaingiza mkono, akatoa konzi ya majani chai, akamwonyesha mwenzake wa kulia, kisha wa kushoto.

"Kwanza ameosha," alisema. "Halafu ameweka majani! Ndani ya dhiili ya maziwa!"

Akacheka. Alicheka hadi akashika ubavu, na safu nzima ya kina mama ikamfuata, na Tabby, machozi yakiwa bado shavuni, akajikuta naye anacheka bila kujua ruhusa amepewa na nani.

"Usilie, wewe mama. Moshi inarudi. Siku arobaini, kila asubuhi, inarudi."

"Sisi tuko na siku kumi na saba tu, ayeeyo," Kafia alisema.

Hibo alimgeukia. "Na wewe, si ulinisumbua mwezi mzima? Nipe dhiili haina moshi, nipe dhiili haina moshi, profesa anataka. Mimi nikakuambia hakuna mtu na akili yake ataosha dhiili. Haya. Mungu amekuletea huyu."

Kafia aliduwaa. Kisha akazikusanya zile dhiili nne kifuani haraka hivi kwamba maharagwe yalimwagika, na Tabby aliona uso wake ukifunguka. Chombo kile kile, kilichosukwa na mikono ile ile, kisicho na moshi. Hakukuwa na pengine popote ambapo angekipata.

Hibo hakuishia hapo. Katika zile tano za biashara, alimpa Kafia nne. "Wiki mbili nitauza na plastiki. Wateja wakinung'unika nitawaambia ni mambo ya shule." Sukari, maharagwe, unga na majani chai alibaki navyo, akavimwagia kwenye mifuko. Zawadi hairudishwi.

Siku zilizofuata Tabby hakuzisahau, maana zilikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuitia katika hesabu ya kazi yake. Maziwa yaligawanywa sehemu tatu: dhiili zenye moshi, dhiili zilizooshwa, na mitungi ya plastiki. Kila baada ya saa kumi na mbili, asubuhi na jioni, uchachu ulipimwa tone kwa tone. Wikendi maabara hufungwa, na mwenye ufunguo ni Tabby. Hakuna aliyemwomba. Jumapili ya kwanza alifika saa kumi na mbili asubuhi, amevaa kofia yake ya kanisani, akamkuta Kafia anamngoja mlangoni.

"Na kanisa, Madam?"

"Mungu anajua niko wapi. Lete maziwa."

Alimfundisha yale ambayo hayamo vitabuni: kusoma kipimo macho yakiwa sawa na mstari, kungoja pumzi moja kabla ya kuandika, kurudia mara tatu hata kama jibu la kwanza linapendeza. Kafia naye alimweleza kwa nini wanapima, na Tabby akatambua kwamba katika miaka kumi na tisa ya kuandaa vyombo, hakuna aliyewahi kumweleza kwa nini. Swali lilianza kumnyima utulivu. Jioni akiwa jikoni kwake Ruring'u alijikuta anajiuliza zile zilizooshwa zimefikia wapi.

Zilifika haraka. Maziwa ya plastiki yalichacha siku ya kwanza. Ya dhiili zilizooshwa yalichelewa saa chache tu, yakayafuata. Ya dhiili zenye moshi yalifika siku ya tatu yakiwa matamu. Walirudia jaribio zima mara tatu, na mara zote tatu ikawa vile vile. Kafia alimkumbatia Tabby katikati ya maabara, na karatasi ya OSHA KWANZA ikawatazama.

Siku ya Utafiti ukumbi ulijaa. Hibo aliletwa kutoka Nanyuki, akaketi safu ya mbele na buibui jipya. Tabby alisimama nyuma karibu na mlango, mahali pa mafundi, akishika waya wa projekta uliokuwa na tabia ya kuchomoka.

Kafia alizungumza vizuri. Alionyesha michoro, akaeleza mutamaiyo, akaonyesha mistari mitatu ikipanda kila mmoja kwa mwendo wake. Barnabas alitabasamu hadi masikioni. Kisha Profesa Kihara akavua miwani.

"Umeniletea nilichoomba," alisema. "Hongera. Sasa niambie. Ulisema nyanya yako alikataa kabisa dhiili zake kuoshwa. Ulimshawishi vipi? Na nani aliziosha, kwa njia gani? Kwenye karatasi umeandika tu, 'vyombo vilioshwa'."

Barnabas alianza kuchunguza viatu vyake ambavyo hakuwahi kuvijali.

"Zilioshwa..." Kafia alisema. Akatazama mlangoni mara moja, akaondoa macho haraka. "Zilioshwa kwa... tulipanga..."

Tabby alimwona binti yule anatafuta uongo, na uongo hauji, maana hakuuzoea. Akaelewa kwamba unatafutwa kwa ajili yake. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ingemfikisha Kafia pabaya mbele ya mtu asiyesahau. Utafiti wa kwanza wa mtoto huyu ungekuwa na sehemu moja ya kufichwa, na ingebaki hapo hata angekuja kuwa profesa. Tabby aliogopa, aliogopa sana, akaifikiria ile barua na ile miaka minne. Kisha akauachilia waya.

"Profesa, ni mimi niliziosha."

Projekta ikazimika. Vichwa vyote viligeuka.

"Sikuambiwa nioshe. Niliona ni chafu, nikaosha. Huyu mtoto hakupanga, na Daktari pia hakupanga. Ni makosa yangu."

Kicheko kilianza huku na huku. Profesa Kihara hakucheka. Alichukua kalamu.

"Maji yalikuwa moto kiasi gani?"

"Nyuzi sitini. Nilipima."

"Sabuni?"

"Ile ya maji ya maabara, kijiko kimoja kwa lita mbili. Kuloweka dakika ishirini. Kusugua na brashi nambari nne, mara tatu, kila mara maji mapya. Klorini kijiko cha chai kwa lita tano, dakika kumi. Kusuuza mara sita. Kukausha dirishani, kuanzia saa tisa hadi kesho yake asubuhi."

"Zote nne sawasawa?"

"Profesa," Tabby alisema, na hapo heshima yake ya miaka kumi na tisa ikampa sauti, "mimi siwezi kuosha chombo moja tofauti na nyingine."

Sasa kicheko kilikuwa cha namna nyingine, na Hibo, ambaye hakuelewa nyuzi wala nambari, alipiga makofi ya kwanza. Profesa Kihara alimaliza kuandika.

"Tangu asubuhi nimesikiliza wanafunzi sita na wahadhiri watatu," alisema, "na hakuna aliyenieleza njia yake ya kazi kama huyu mama. Kafia, mbona haya hayamo kwenye karatasi yako?"

"Nitayaandika, Profesa."

"Yaandike jinsi yalivyotokea. Kosa lililopimwa ni kazi. Na uandike aliyeifanya."

Barua ya onyo haikuja. Kilichokuja, wiki tatu baadaye, kilikuwa ripoti iliyochapishwa, ambayo Kafia aliileta maabarani ndani ya bahasha mpya. Ukurasa wa tano, chini ya njia ya kazi, paliandikwa: "Dhiili nne zilioshwa kimakosa na Bi. Tabitha Wangechi, fundi wa maabara. Usawa wa kazi yake ndio uliowezesha ulinganisho huu, na ndiye aliyemfundisha mtafiti kupima." Tabby alisoma akasimama, akasoma tena, akavua miwani akaifuta kwa koti. Jina lake lilikuwa halijawahi kuchapishwa popote, isipokuwa kwenye orodha ya zamu.

Mwosha huoshwa, walisema wahenga, na Hibo alihakikisha. Ile dhiili ya mama yake alimkabidhi Tabby pamoja na furushi la mutamaiyo: uliutoa moshi, urudishe. Kwa siku arobaini majirani wa Ruring'u waliona moshi ukitoka jikoni kwa Tabby kila alfajiri, wakadhani anatibiwa. Siku ya arobaini na moja alipanda hadi Nanyuki na dhiili ikiwa si tupu. Safari hii alikuwa ametia maziwa. Hibo alinusa kwa muda mrefu, akanywa, akampa Kafia naye anywe.

Januari wanafunzi sita wapya waliingia maabarani nyuma ya Daktari Barnabas, wamekumbatia mifuko na maswali yao. Mmoja alikuwa na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjini, mwingine viazi vikuu vyenye udongo. Walisimama mbele ya sinki wakisoma karatasi mpya, ambayo wino wake ulikuwa bado unang'aa: ULIZA KWANZA, OSHA BAADAYE.

"Haya," Tabby alisema, akivuta kigoda kwa mwenye kibuyu. "Kaa hapa uniambie. Hii ni ya nani, na kwenu inatunzwa namna gani?"